Hifadhi Kama

Barua pepe ilifika Jumanne, fupi kama risiti:
kampuni inazima mitambo Ijumaa, saa sita usiku,
wateja wahamishe vilivyo vyao.
Mteja alikuwa Arvīds. Arvīds yuko chini ya udongo
tangu Februari, ardhi ilipokuwa ngumu
hata wachimba kaburi wakakoka moto kwanza.

Vilivyo vyake: kurasa mia moja na saba
za matufaha ya wilaya ya Kuldīga.
Aliyapiga picha moja moja juu ya sahani ileile ya buluu,
kisha akayakata, akayapiga tena, akaandika:
ganda nene, utamu wa kuchelewa,
mti wa mwisho uko nyuma ya kinu cha zamani,
mwenyewe mkali, usiutikise.

Mimi nimefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja.
Najua kufunga kifurushi: kamba mara mbili, fundo juu.
Kipanya sikukijua.
Elza, mjukuu wangu, akanielekeza kwa simu kutoka Riga
huku akitafuna kitu kinachochakarika.
“Bofya upande wa kulia, Bibi. Sio huo. Kulia.
Sasa chagua Hifadhi Kama.”

Kama nini? nikamuuliza.
Akacheka. Sikuwa natania.

Usiku tatu nilihifadhi.
Kishale kikinirukaruka kama nzi juu ya jamu,
chai ikipoa, ikipashwa, ikipoa,
nikingoja ule mstari wa kijani ujae
kama nilivyokuwa nikingoja mizani ya posta itulie.
Ijumaa, saa sita kasoro dakika kumi, nikamaliza.
Nikakaa nao, ukurasa wa kwanza, ungali hai.
Saa ya kanisani ilipogonga nikaubofya upya:
weupe,
na maneno madogo ya kuomba radhi
ambayo hakuna mtu aliyeyasema.

Asubuhi nikafungua folda.
Maneno yote yamo. Ganda nene. Utamu wa kuchelewa.
Lakini pale penye tufaha pana kisanduku kitupu,
na pembeni mwake kialama cha picha iliyochanika.
Kurasa zote. Mia moja na saba.

Kwenye simu hata kile kinachochakarika kilinyamaza.
“Bibi, ulihifadhi maneno pekee.
Ilibidi uchague ukurasa kamili.”

Kumbe ukamilifu ni wa kuchagua,
tena umefichwa chini, kwenye orodha
isiyofunguka mpaka uiguse.
Akiba haiozi, wanasema. Hawajaweka akiba ya matufaha.

Nikafumba macho, nijaribu kuhifadhi kwa ile njia kongwe,
ya darasani, ya midomo inayotembea bila sauti.
Nikaiona sahani. Nikaona ufa wake.
Juu ya sahani sikuona kitu.

Kisha nikakumbuka simu.
Posta humfundisha mtu kutoamini nakala moja:
usiku wa pili nilikuwa nimeipiga picha skrini yenyewe,
mara kumi na moja, mpaka uvivu ukanishika.
Matufaha kumi na moja, yamepinda, yana mistari ya skrini,
na juu ya kila moja taa ya jikoni,
na chini ya taa, mimi,
kinywa wazi kama mtu anayesoma anwani asiyoielewa.
Katika moja, ukingoni mwa sahani, kidole gumba cha Arvīds
kimegusana na shavu langu.

“Naweza kukufuta,” akasema Elza, “ni kazi ya dakika moja.
Tufaha libaki peke yake.”
Niache hapo, nikamwambia.

Oktoba nikazichapisha zile kurasa za maneno,
nikaifunga sahani ndani ya taulo,
nikapanda basi hadi kwenye kinu.
Mwenyewe alitoka, mkali kweli,
akasoma karatasi yangu, akafika penye jina lake la ukali,
akaisoma tena.
Akaingia ndani. Nikadhani kaniacha.
Akarudi na ngazi.

Sikuutikisa.